Kapcha mbili, laptopu moja, na giza kwenye kamera ya pili

Shikamoo Dada Fundi,

Mimi ni kijana wa Morogoro. Narusha mubashara harusi, sendofu, ibada, na siku hizi hata misiba, maana kila ukoo una mtu wake nje ya nchi anayetaka kumwona bibi yake akizikwa. Nilianza na kamera moja na kapcha moja ya HDMI, kile kifaa cha kuingiza picha ya kamera kwenye kompyuta, zile ndogo za kuchomeka moja kwa moja kwenye USB. Kazi ilikwenda vizuri mpaka wateja walipoanza kudai kamera mbili, moja ya maharusi na moja ya ukumbi. Nikarudi duka lile lile, nikachukua kapcha nyingine ya aina ile ile: plagi ya bluu, boksi limeandikwa USB 3.0 na 4K. Nikaongeza na webkamu ya kumwonyesha MC.

Tangu hapo sina amani. Kapcha ya kwanza ikiwaka kwenye OBS, programu ninayorushia, ya pili inatoa giza. Nikizima zote nikaanza na ya pili, hiyo inawaka, na ya kwanza ndiyo inayokufa. Kila moja ikiwa peke yake ni nzima kabisa. Isitoshe zote mbili zinajiita "USB Video", kwa hiyo hata sijui ipi ni ipi. Kuna Jumamosi nilidhani narusha maharusi wakilishana keki, kumbe watu wa nje wanaangalia meza ya wapishi. Sauti nayo inahamahama: mara inatoka kwenye mixa, mara kwenye kamera ya nyuma.

Laptopu yangu ina matundu mawili ya USB kulia, moja kushoto, na tundu la USB-C ambalo sijawahi kulitumia. Kwa kuwa kuna mausi, flashi ya nyimbo na waya wa mixa, kapcha zote mbili na webkamu nimezichomeka kwenye habu, kile kigawanyo cha tundu moja la USB kuwa matundu manne. Nimefuta driva nikaweka upya. Nimepiga Windows upya. Jamaa mmoja anasema RAM ni ndogo. Mwingine anasema kapcha za aina moja hazipatani, ninunue laptopu ya gemu. Hela ya laptopu hiyo ni ada ya mdogo wangu. Halafu mteja akitaka Zoom pamoja na YouTube ndiyo balaa: nikifungua Zoom, kamera inapotea kwenye OBS.

Nisaidie kabla sijaingia kwenye mkopo.

Mwenye Giza, Morogoro

*

Marahaba mdogo wangu. Ada ilipwe. Laptopu ya gemu huihitaji, na ungeweza kuinunua ukakuta giza lile lile linakusubiri ndani yake.

Katika barua yako yote, sentensi iliyonipa jibu ni ile ya kwamba inayowahi ndiyo inayowaka. Driva mbovu haijali nani kawahi. RAM ikiwa ndogo, picha hukwama, feni hupiga kelele, na kamera zote huteseka pamoja; haiwezi kuichagua ya pili tu na kuiacha ya kwanza ikiwa safi. Na kapcha zenyewe umeshazipima, kila moja peke yake ni nzima. Kwa hiyo kuna kitu kinagawiwa, wa kwanza anakichukua, na wa pili akifika anakuta hakuna. Kitu hicho ni nafasi kwenye njia ya USB.

Nafasi hiyo haigawiwi kadiri data inavyokuja. Vifaa vya video na sauti vinavyotumia USB kwa kawaida huomba nafasi mapema, kabla ya kutuma hata picha moja, na kompyuta ikikubali basi nafasi hiyo ni yao, waitumie wasiitumie. Mtu amekata tiketi za viti vitatu kwenye basi la kwenda Dar, akakalia kimoja: vile viwili vinakwenda vitupu hadi Mbezi, na wewe uliyebaki stendi huwezi kupanda kwa hoja kwamba unaviona viko wazi. Kapcha yako ya kwanza inafanya hivyo hivyo. Inaomba nafasi ya juu kabisa inayoruhusiwa, hata kama picha inayotuma imebanwa na haihitaji robo yake.

Hesabu yake ni nzuri kuijua, kwa sababu ukishaiona hutasikiliza tena habari za vifaa visivyopatana. USB 2.0 inaandikwa megabiti 480 kwa sekunde. Sekunde moja imekatwa vipande 8,000, na kila kipande kinabeba baiti 7,500 kwa kiwango cha juu. Sheria ya USB 2.0 inasema vifaa vinavyoweka nafasi mapema visizidi asilimia 80 ya kila kipande, ili flashi na vingine visivyoweka nafasi visife njaa kabisa. Asilimia 80 ya 7,500 ni 6,000. Kamera au kapcha inayoomba kiwango cha juu inachukua baiti 1,024 mara tatu, yaani 3,072. Zidisha kwa mbili: 6,144. Umekosa nafasi kwa baiti 144 tu katika kila kipande, na hapo sijahesabu mzigo mdogo mdogo wa mawasiliano yenyewe. Ndiyo maana hupati picha mbovu au picha nusu. Ombi la pili linakataliwa zima, na OBS inakuonyesha giza bila neno. Wanaotumia Linux badala ya Windows angalau hupewa ujumbe, ila ujumbe wenyewe ni "No space left on device", na nimeona watu wazima wakifuta picha za familia kwenye diski wakidhani diski ndiyo imejaa.

Sasa utasema: lakini Dada, kapcha zangu ni USB 3.0, plagi ni ya bluu. Rangi ya plastiki haina mkataba na mtu. Plagi ya kweli ya USB 3 ina miguso tisa, minne mbele na mitano imejificha nyuma yake. Ichungulie kwenye mwanga. Nyingi za zile ndogo za bei nafuu zina minne tu, na hata zenye tisa si ajabu ndani zikawa na chipu ya USB 2.0. Kipimo cha uhakika kiko kwenye OBS yenyewe. Bofya mara mbili chanzo cha kapcha, badilisha mpangilio kuwa "Custom", chagua 1920 kwa 1080, kisha umbo la picha liwe YUY2, ambayo ni picha mbichi isiyobanwa. Ikikupa fremu, yaani picha, 5 tu kwa sekunde, huku MJPEG, ambayo ni picha iliyobanwa, ikikupa 30, umeshajua: ni USB 2.0. Picha mbichi ya ukubwa huo ina baiti milioni nne na zaidi kidogo. Tano kwa sekunde ni megabaiti 20.7, na kiti cha juu kabisa cha USB 2.0 kinabeba megabaiti 24.6. Fremu 30 zingehitaji megabaiti 124. Haziingii hata kwa kusukuma. Na ile "4K" ya kwenye boksi mara nyingi ina maana kwamba kapcha inakubali kupokea 4K kutoka kwenye kamera, kisha inaipunguza hadi 1080 kabla ya kuipeleka kwenye kompyuta. Si uongo kamili, lakini muuzaji hakukwambia sehemu ya pili.

Kisha kuna habu. Hapo ndipo ulipojifunga mwenyewe bila kujua, maana umechukua vifaa vitatu vya video ukavipitisha kwenye tundu moja. Hata ukinunua habu ya USB 3.0 ya fedha nyingi, haitakusaidia kwa kapcha hizi. Ndani ya habu ya USB 3 kuna njia mbili zinazokwenda sambamba: nyaya za kasi kubwa kwa vifaa vya USB 3, na nyaya za zamani kwa vifaa vya USB 2.0. Kapcha zako zote zinapita kwenye nyaya za zamani, na zinagawana zile 480 kana kwamba nyingine hazipo. Habu yenye adapta yake ya umeme nayo ni jambo jema, maana tundu la USB 2.0 linatoa miliampia 500 na la USB 3.0 miliampia 900, na kapcha mbili na webkamu zikining'inia hapo zinaweza kuzima na kuwaka zenyewe katikati ya kiapo. Lakini umeme na njia ni mambo mawili tofauti. Dalili yako si ya umeme. Upungufu wa umeme hausubiri zamu.

Basi anza na kitu ambacho hakina gharama. Toa vyote kwenye laptopu. Bofya kitufe cha kulia juu ya alama ya Windows, fungua "Device Manager", na kwenye menyu ya "View" chagua "Devices by connection". Orodha itabadilika iwe mti. Fungua matawi ya PCI mpaka uone maneno "Host Controller". Hicho ndicho kidhibiti, yaani mwenye njia. Hesabu viko vingapi. Kisha chukua flashi moja, ichomeke tundu la kwanza, tazama imetokea chini ya kidhibiti kipi, andika kwenye karatasi. Hamia tundu la pili. Hamia la tatu. Hili la USB-C lijaribu pia kwa kigeuzi kidogo cha USB-C kwenda USB ya kawaida. Wengi hushangaa hapa: matundu matatu yaliyotawanyika kushoto na kulia yote yanarudi kwa kidhibiti kimoja, maana umbali kwenye kasha hauna uhusiano na waya za ndani. Laptopu nyingi za AMD zina vidhibiti viwili au zaidi. Zenye Thunderbolt, yaani njia ya kasi kubwa zaidi, kwenye tundu la USB-C nazo mara nyingi zina kidhibiti cha pembeni kwa ajili ya tundu hilo, na ndiyo sababu nimefurahi uliposema hujawahi kulitumia.

Ukipata vidhibiti viwili, kazi imekwisha kwa bei ya kigeuzi. Kapcha ya kwanza kwa kidhibiti kimoja, ya pili kwa kingine, moja kwa moja kwenye laptopu. Mausi, flashi na vidude vingine ndivyo vihamie kwenye habu. Kuna kitu kingine cha kukumbuka: kamera iliyojengwa juu ya kioo cha laptopu nayo kwa kawaida ni kifaa cha USB, kimeunganishwa ndani tu. Haichukui nafasi ikiwa imelala, lakini programu yoyote ikiiamsha inaingia kwenye foleni na kapcha zako. Kama huitumii, izime kwenye "Device Manager" hiyo hiyo.

Ukikuta kidhibiti ni kimoja tu, bado tunaweza kupunguza ukubwa wa maombi. Weka MJPEG kwa mkono, usiache OBS ichague. Shusha kapcha moja hadi 1280 kwa 720, na webkamu ya MC hadi 640 kwa 480. Sura ya MC kwenye kona ya skrini ya simu haihitaji zaidi. Baadhi ya vifaa ukivishusha hivi navyo hushusha ombi lao, na ghafla vyote viwili vinawaka. Vingine vimetengenezwa kuomba kiti kikubwa kila mara, hata umwambie nini. Huwezi kujua vyako ni vya kabila gani mpaka ujaribu, na kujaribu ni nusu saa. Fremu nazo ziwe 25 kwa kamera zote, si 30 hapa na 60 pale. Umeme wetu ni wa hezi 50, taa nyingi za kumbi hupepesa kwa kuufuata mdundo huo, na kamera iliyo kwenye fremu 25 na shata ya 1/50 inapatana nazo vizuri zaidi.

Usiku wa dharura, ambapo hakuna kilichokubali na bwana harusi ameshaingia, fungua mipangilio ya chanzo cha kapcha kwenye OBS. Kuna kisanduku cha kuizima kamera pale ambapo haionyeshwi. Kitie alama kwa kapcha zote mbili. Sasa hazitawaka pamoja kamwe, kwa hiyo hazigombei nafasi. Utalipa kwa giza la muda mfupi kila unapobadilisha kamera. Wekea hapo picha ya majina ya maharusi kama pazia, na ubadilishe mara chache. Si kazi ya kujivunia lakini hafla itarushwa.

Kama ni lazima ununue kitu, usinunue kapcha ya tatu ya aina ile ile. Nunua moja ambayo ni USB 3.0 ya kweli, na ile ya zamani uendelee nayo. Nimesema nyaya za kasi kubwa na za zamani zinakwenda sambamba bila kuingiliana. Kwa hiyo kapcha moja ya USB 3 na moja ya USB 2.0 hazigombei nafasi hata zikiwa kwenye kidhibiti kimoja. Kununua moja kunakutoa kwenye tatizo la mbili. Dukani usikubali kuambiwa, omba ichomekwe kwenye laptopu yako, ufanye kile kipimo cha YUY2. Ikitoa 1080 kwa fremu 30 au 60 bila kubanwa, lipa. Na siku ukifika mahali pa kuwa na mbili za USB 3, kumbuka kwamba nazo zina kikomo. USB 3.0 inaitwa gigabiti 5, lakini sehemu ya tano ya biti hizo inakwenda kwenye usimbaji, zinabaki 4 za kufanyia kazi. Picha mbichi ya 1080 kwa fremu 60 inakula takribani gigabiti 2. Mbili zinajaza njia mpaka ukingoni. Ziweke fremu 25 au 30, watazamaji wako wako kwenye simu.

Njia ninayoipenda mimi kwa anayefanya harusi kila wikiendi ni tofauti: punguza vifaa vinavyoingia kwenye kompyuta hadi kimoja. Swicha ya video, mfano ATEM Mini ya Blackmagic iliyotoka mwaka 2019, inapokea HDMI nne, inabadilisha kamera yenyewe kwa vitufe, na kwenye laptopu inatokea kama webkamu moja tu. Hakuna wa kugombana naye. Laptopu nayo inapumzika. Bei yake si ya kucheka nayo, lakini iko chini sana ya laptopu ya gemu, na ukibadilisha laptopu kesho inahama nawe. Kuna swicha za kampuni nyingine pia. Cha kuangalia ni kwamba ina matokeo ya USB, kwa sababu zisizo nayo zitakurudisha kwenye kapcha. Wenye kompyuta ya mezani wana njia nyingine, kadi ya PCIe, ya kuchomekwa ndani ya kompyuta, yenye vidhibiti vinne vilivyojitenga, kila tundu na njia yake. Soma maelezo kwa makini: kadi nyingi zina matundu manne na kidhibiti kimoja.

Sasa majina. Kapcha zako zote zinajiita "USB Video" kwa sababu kiwanda kimezipa jina moja, na nyingi za bei hiyo hazina namba ya pekee ndani yake. Windows haina namna ya kuzitofautisha ila kwa tundu zilipochomekwa. Ukiihamisha kapcha kutoka tundu hili kwenda lile, kwake hicho ni kifaa kipya, na OBS iliyokuwa inakumbuka ya zamani inapotea au inashika isiyo yake. Wapishi wako walirushwa hewani kwa sababu hiyo. Dawa ni selotepu na kalamu: namba 1 kwenye kapcha, namba 1 kwenye tundu, namba 2 vivyo hivyo, na zisibadilishane hata siku moja. Kabla ya kuanza kurusha, pitisha mkono mbele ya kila kamera na utazame chanzo kipi kinatikisika. Ndani ya OBS vipe vyanzo majina ya kazi yake, "Maharusi", "Ukumbi", si "Video Capture Device 2". Na ukitaka kamera ile ile kwenye sini nyingine, yaani mpangilio mwingine wa picha ndani ya OBS, usitengeneze chanzo kipya. Ongeza kile kilichopo tayari. Ukitengeneza kipya, OBS inajaribu kuifungua kapcha mara ya pili, na utapata giza ambalo halihusiani kabisa na haya yote niliyoeleza.

Kwa sauti una bahati kidogo, kwa kuwa Windows inakuruhusu kubadilisha jina la kifaa cha sauti ingawa haikuruhusu kirahisi kwa picha. Fungua mipangilio ya zamani ya sauti, sehemu ya kurekodi, ingia kwenye mali za kila kimoja uandike jina lake. Lakini ushauri wangu ni mkali zaidi: chukua sauti ya mixa kupitia kifaa kimoja, na nyamazisha nyingine zote ndani ya OBS, moja baada ya moja, usizishushe tu. Kila kapcha ina saa yake ndani, na saa mbili hazilingani. Kwenye ibada ndefu sauti ya kapcha mbili huanza pamoja na kumaliza zikiwa zimeachana. Sauti ya mixa nayo itafika kabla ya picha, kwa kuwa picha inachelewa njiani. Piga kofi moja mbele ya kamera, tazama ulichorekodi, kisha uicheleweshe sauti kwa milisekunde zinazokosekana mpaka kofi na mlio wake vikutane.

Kabla sijaenda kwenye Zoom, nikukinge na mkanganyiko mwingine. Ukichomeka dekoda, au mashine ya kuchezea filamu, kwenye kapcha ukapata giza hata ikiwa peke yake, huo si mgogoro wa nafasi. Ni HDCP, kinga ya hakimiliki inayokataa kurekodiwa, na hakuna tundu wala habu itakayoibadilisha. Pia kama kamera ya ukumbi iko mbali, urefu uuongeze upande wa HDMI au SDI (waya wa video wa kamera za kitaalamu), si upande wa USB. Waya wa kawaida wa USB 2.0 haupaswi kuzidi mita 5, na wa USB 3 ukizidi mita 3 ni kubahatisha.

Hilo la Zoom ni ugomvi wa aina nyingine. Hapa njia inatosha; programu mbili ndizo zinazotaka kuishika kapcha ile ile, na kwa kawaida kwenye Windows anayeishika kwanza anaifungia mlango. Windows 11 ya matoleo ya karibuni ina chaguo la kuruhusu programu nyingi zitumie kamera moja, lakini kwa kazi yako kuna njia bora zaidi. Tangu toleo la 26 la mwaka 2020, OBS inakuja na kamera yake ya bandia. Kapcha zishikwe na OBS peke yake. Bonyeza kitufe cha kuanzisha kamera ya bandia, kisha kwenye Zoom chagua "OBS Virtual Camera" badala ya "USB Video". Walio kwenye Zoom wataona kile kile unachorusha YouTube, pamoja na majina na mabadiliko ya kamera. Kumbuka kwamba kamera hiyo inabeba picha tu. Sauti utaipa Zoom kwa kuchagua kile kifaa cha mixa ulichokipa jina, na uzime kule Zoom kisafishaji cha kelele, la sivyo kwaya itasikika kana kwamba inaimba chini ya maji.

Mzigo utakaobaki ni wa bando, kwa sababu unapandisha video mara mbili kwa wakati mmoja. Mtandao ukilegea, punguza bitireti ya YouTube kwanza, yaani kiasi cha data unachopandisha kwa sekunde. Wa YouTube watavumilia picha iliyofifia. Walioko Zoom ndio ndugu wanaosubiri zamu ya kuzungumza na wafiwa.

Dada Fundi